Gavana akibanduliwa, je, Nairobi itapiga kura upya?

*"Wakili, habari ya kazi. Nauza viatu vya mitumba upande wa Eastlands, Nairobi. Kila baada ya miezi kadhaa tunasikia wawakilishi wadi wanataka kumbandua gavana, na sokoni watu wanasema kaunti ikianguka kutakuwa na uchaguzi mdogo wa jiji zima, gavana na MCA (yaani hao wawakilishi wadi) wote. Nakumbuka Gavana Sonko alipotolewa mwisho wa 2020 tuliambiwa tutapiga kura Februari, kisha kimya. Mbona hatukupiga? Na ikitokea tena, mimi niliyejisajili nyumbani Malava, Kakamega, naweza kuhamisha kura yangu nije nipigie huku? Jambo la mwisho: kuna jamaa anayejiita kiongozi wa soko, anapitisha daftari, kila kibanda shilingi 500, eti tusajiliwe upya kwa sababu leseni zetu zitakufa serikali mpya ikiingia. Nilipe?"*

Ndugu yangu, hiyo 500 kaa nayo kwanza, tutaifikia.

Hofu yako naielewa hivi. Biashara yako inasimama juu ya karatasi inayotoka City Hall, makao ya serikali ya kaunti, na kila ukisikiliza redio unaambiwa City Hall inatikisika. Unaogopa kuamka siku moja ukute hakuna gavana, hakuna MCA, leseni haina kazi, na umeitishwa uchaguzi ambao wewe humo kwenye daftari. Si hofu ya ovyo, maana jiji hili limewahi kukaa miaka mingi bila diwani hata mmoja aliyechaguliwa. Ila sheria ya wakati huo si ya leo, na maneno ya sokoni yanachanganya mambo matatu: gavana kuondolewa, serikali nzima ya kaunti kusimamishwa, na kazi za kaunti kukabidhiwa serikali kuu. Haya hayafanani hata kidogo.

Wazee wanaposema "kaunti itavunjwa", nadhani akilini mwao kuna mwaka 1983. Machi mwaka huo serikali, kupitia kwa waziri wa serikali za mitaa Moses Mudavadi, ililisimamisha Baraza la Jiji la Nairobi lililokuwa chini ya Meya Nathan Kahara, ikaweka tume ya watu walioteuliwa. Ilikuwa iwe ya muda. Muda ukaongezwa, ukaongezwa tena, na wakazi wa Nairobi hawakuchagua madiwani hadi uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992. Hebu fikiria: mtoto aliyezaliwa siku baraza lilipofungwa alikuwa darasa la nne au la tano jiji lilipopata madiwani wake tena.

Katiba ya 2010 iliufunga mlango huo. Leo hakuna waziri anayeweza kuivunja kaunti kwa barua. Hata Rais hawezi kwa kupenda kwake tu. Kifungu cha 192 kinamruhusu kuisimamisha serikali ya kaunti pakiwa na dharura inayotokana na mapigano ya ndani au vita, au hali nyingine isiyo ya kawaida. Lakini kwa hiyo hali nyingine, isiyo vita wala mapigano, lazima kwanza tume huru ichunguze madai, Rais aridhike kwamba yana msingi, kisha Seneti iidhinishe. Kaunti ikishasimamishwa, kusimamishwa huko hakuruhusiwi kupita siku 90, na siku hizo zikiisha ni lazima uchaguzi ufanyike. Hapo ndipo maneno ya sokoni yana ukweli: kwa njia hii, gavana na MCA wote wanarudi kwa mpiga kura kwa pamoja.

Imewahi kutokea? Ilikaribia, Makueni. Gavana Kivutha Kibwana na bunge lake la kaunti waligombana juu ya bajeti hadi Septemba 2014 risasi zikalia katika makao makuu ya kaunti pale Wote, na watu wakajeruhiwa. Wakazi walikusanya sahihi, wakapeleka ombi la kutaka kaunti ivunjwe, tume ikaundwa chini ya wakili Mohammed Nyaoga, ikasikiliza watu, ikapendekeza kaunti isimamishwe. Rais Uhuru Kenyatta akakataa, Septemba 2015. Makueni ikaendelea na gavana yule yule na wawakilishi wale wale, na mwaka 2017 watu wakamrudisha Kibwana. Kwa hiyo unapomsikia mtu sokoni akisema kaunti itavunjwa wiki ijayo, muulize tume ya uchunguzi imeundwa lini na inaketi wapi. Akikosa jibu, endelea kupanga viatu vyako.

Sasa tuje kwa gavana peke yake, maana hilo ndilo linalosikika kila mara.

Kumbandua gavana kunaanzia kwa mwakilishi wadi mmoja anayeleta hoja bungeni ikiungwa mkono na angalau thuluthi moja ya wanachama. Ili ipite, thuluthi mbili ya wanachama wote wa bunge la kaunti lazima waikubali, si thuluthi mbili ya waliokuja siku hiyo. Hapo bado gavana ni gavana. Spika wa kaunti anampelekea Spika wa Seneti taarifa, Seneti inasikiliza mashtaka, ama yenyewe yote au kupitia kamati ya maseneta 11, na ni kura ya Seneti inayomvua kiti. Ndiyo maana vuguvugu nyingi hufia njiani. Septemba 2025 wawakilishi wa Nairobi walikuwa wameshakusanya sahihi za kumwondoa Gavana Johnson Sakaja. Wakubwa wa vyama wakawaita, wakazungumza, na hoja ikalala. Huo ulikuwa mvutano wa kisiasa tu, na kaunti ilikuwa imara kama jana yake.

Basi tuseme Seneti imemwondoa. Nani anaingia? Hapa wengi hukosea, wakidhani kiti kikiwa wazi ni lazima kura ipigwe kama inavyokuwa kwa mbunge. Sivyo. Kifungu cha 182 cha Katiba kinasema naibu gavana anakuwa gavana kwa kipindi chote kilichobaki. Hapigiwi kura, haombwi kibali cha mtu, anaapishwa tu. Waititu wa Kiambu alipoondolewa na Seneti tarehe 29 Januari 2020, naibu wake James Nyoro alikula kiapo siku mbili baadaye. Meru, baada ya mahakama kukubaliana na Seneti juu ya Kawira Mwangaza, naibu wake Isaac Mutuma aliapishwa Machi 2025. Vifo navyo ni hivyo hivyo: Nyeri ilizika magavana wawili ndani ya mwaka 2017, na mara zote mbili naibu alipanda. Bomet, Joyce Laboso alipofariki 2019, naibu wake Hillary Barchok akashika usukani.

Tangu kaunti zianze kazi 2013, hakuna kaunti hata moja iliyofanya uchaguzi mdogo wa ugavana kwa sababu gavana amebanduliwa au amefariki. Ule wa Siaya, Oktoba 2013, uliitishwa kwa sababu mahakama ilifuta ushindi wa gavana. Wewe wa Malava unaweza kuniuliza, mbona Kakamega tulimchagua gavana tarehe yetu peke yetu, 29 Agosti 2022? Ule haukuwa uchaguzi mdogo. Ulikuwa uchaguzi mkuu ulioahirishwa Kakamega na Mombasa kwa sababu karatasi za kura za ugavana zilikuja na makosa.

Ukiacha mahakama kufuta uchaguzi, kura ya ugavana katikati ya kipindi inakuja katika hali moja tu: kiti cha gavana na cha naibu viwe wazi vyote viwili kwa wakati mmoja, au naibu awe hawezi kushika nafasi. Hapo spika wa bunge la kaunti anakaimu, na uchaguzi lazima ufanyike ndani ya siku 60 tangu alipoanza kukaimu. Kwa hiyo ukitaka kujua kama utapiga kura, usimtazame gavana. Tazama kiti cha naibu kama kina mtu.

Na hicho ndicho kisa cha Nairobi, ambacho ungekifuata tangu mwanzo usingeshangaa Februari 2021 ilipopita kimya.

Mike Sonko alichaguliwa Agosti 2017 pamoja na Polycarp Igathe. Januari 2018, kabla hata ya nusu mwaka, Igathe akajiuzulu. Katiba ilieleza namna ya kumpata gavana mpya lakini ilinyamaza kabisa juu ya naibu anayejiuzulu, na Mahakama ya Juu ndiyo iliyoziba pengo hilo katika ushauri wake wa mwaka huo huo: gavana ateue jina ndani ya siku 14, na bunge la kaunti lipige kura ndani ya siku 60. Sonko alimtaja Miguna Miguna, ambaye wakati huo serikali ilikuwa imemfukuza nchini. Jina hilo halikufika popote, na unaweza kubuni mwenyewe kama lilikusudiwa kufika. Kiti kikabaki kitupu mwaka mzima, na mwingine ukaanza.

Desemba 2019 Sonko akakamatwa Voi, akafikishwa mahakamani kwa tuhuma za ufisadi, na akapewa dhamana kwa masharti ya kutokanyaga ofisini. Angalia kilichotokea hapo. Mahakama zilikuwa zimeshasema kwamba gavana aliyeshtakiwa akizuiwa kuingia ofisini, naibu atasimamia kazi, kwa hiyo wananchi hawataumia. Nairobi haikuwa na naibu. Kukawa na gavana asiyeweza kuingia ofisini na hakuna wa kuingia badala yake. Kisheria kiti hakikuwa wazi, maana mtu aliyeshtakiwa bado ni gavana hadi ahukumiwe au aondolewe. Lakini kazi ilisimama.

Nikiulizwa serikali ya Nairobi ilianguka lini, sitataja siku ya Seneti. Ilianguka hapo, katika miezi ile ambayo kiti cha naibu kiliachwa kitupu na hakuna aliyejali.

Pengo lile likajazwa Ikulu. Tarehe 25 Februari 2020 Sonko alitia sahihi mkataba wa kuikabidhi serikali kuu kazi nne kubwa: afya, uchukuzi, ujenzi na huduma zake, na mipango ya jiji. Mwezi uliofuata Meja Jenerali Mohammed Badi akawekwa kuongoza shirika jipya la kuendesha kazi hizo, Nairobi Metropolitan Services (NMS), ofisi zake zikawa KICC, hatua chache tu kutoka City Hall. Nataka ulielewe vizuri hili kwa sababu linaweza kurudi na litakuja bila kelele. Kifungu cha 187 kinaruhusu kazi kuhamishwa kwa makubaliano, na kinasema wajibu wa kikatiba unabaki pale ulipokuwa, yaani kwa kaunti. Kwa maneno mengine, taka zikikosa kuzolewa bado unamdai gavana uliyemchagua, ingawa lori na pesa ziko kwa mtu usiyemchagua. Uhamisho wa namna hii hauleti uchaguzi wowote. Sonko mwenyewe alikuja kuukana, akagoma kutia sahihi bajeti ya shilingi bilioni 37.5 kwa sababu sehemu kubwa ilikuwa inaenda NMS. Jiji likawa na serikali mbili zisizosemezana, na mfanyabiashara hajui asikilize ya nani.

Tarehe 3 Desemba 2020 wawakilishi wadi 88 walipiga kura ya kumbandua. Tarehe 17 Seneti ikakubali, maseneta 27 dhidi ya 16. Gavana hakuna, naibu hakuna. Hali ile ambayo Katiba iliitaja ikawa imefika. Spika Benson Mutura akaanza kukaimu tarehe 21 Desemba, na tume ya uchaguzi, IEBC, ikatangaza kura tarehe 18 Februari 2021. Hesabu mwenyewe: ni siku ya 59. Tume ilikuwa imebana hadi ukingoni.

Kumbuka pia kura ile ingekuwa ya nini. Ya gavana peke yake, na mgombea mwenza wake. Wawakilishi wadi hawakuguswa. Wao ndio waliombandua, viti vyao vilikuwa salama, na wangeendelea hadi 2022. Hili watu wengi hawakulielewa, na naona bado sokoni halijaeleweka.

Mbona basi hukupiga? Kwa sababu ya mwanamke mmoja ambaye jina lake lilikuwa limelala kwenye faili. Januari 2020, kabla ya mkataba wa Ikulu, Sonko alikuwa amemteua Anne Kananu kuwa naibu wake, na kesi ikazuia asipigwe msasa. Januari 2021 mambo mawili yakatokea karibu pamoja: Mahakama Kuu ikasimamisha uchaguzi mdogo wakati malalamiko ya Sonko yakisikilizwa, na kesi iliyokuwa imemzuia Kananu ikaondolewa. Tarehe 15 Januari kamati ya bunge la kaunti ilimhoji, bunge likamkubali na akaapishwa kuwa naibu gavana, yote siku hiyo hiyo. Sijui shughuli nyingine ya serikali ya kaunti iliyowahi kwenda kwa kasi hiyo. Wewe unajua leseni yako ilichukua siku ngapi. Kiti cha naibu kikawa na mtu, na sababu ya kupiga kura ikayeyuka. Mawakili walibishana kwa miezi kama inawezekana naibu aapishwe baada ya gavana aliyemteua kuondolewa. Mwishowe Kananu akaapishwa kuwa gavana kamili tarehe 16 Novemba 2021, akakaa hadi uchaguzi wa Agosti 2022. Sonko alipofika Mahakama ya Juu, ikamwambia Julai 2022 kwamba kuondolewa kwake kulikuwa halali.

Kwa hiyo jiji la mamilioni ya watu liliongozwa na gavana ambaye hakuwa kwenye karatasi ya kura ya mtu yeyote. Halikuwa kosa la Kananu, sheria ilimbeba. Lakini mimi, kati ya njia hizo mbili, ningechagua kura. Naijua hoja ya upande wa pili na ina uzito: uchaguzi wa Nairobi ni wa jiji zima, maeneo bunge 17, wadi 85, wapiga kura waliosajiliwa zaidi ya milioni 2.4 kwa hesabu ya 2022. Ni gharama kubwa kwa gavana atakayekaa mwaka mmoja na nusu tu, maana anayeshinda uchaguzi mdogo hapati miaka mitano, anamalizia kipindi cha aliyetoka. Na huo mwaka mmoja na nusu ataugawa kati ya kazi na kampeni ya kurudi. Haya yote ni kweli. Lakini naibu aliyechaguliwa pamoja na gavana ni jambo moja, mpiga kura aliwaona wote wawili kwenye karatasi. Naibu aliyeteuliwa baadaye na kuidhinishwa na wawakilishi wadi ndani ya siku moja ni jambo jingine, na Katiba inawapa uzito ule ule. Hapo naona kuna tundu ambalo bado halijazibwa.

Kwa Nairobi ya leo, swali lako lina jibu rahisi. Sakaja alichaguliwa 2022 pamoja na naibu wake Njoroge Muchiri. Kama naibu yuko kitini siku Seneti itakapomwondoa gavana, naibu anakuwa gavana, na wewe hutaitwa kupiga kura hadi uchaguzi mkuu wa tarehe 10 Agosti 2027. Ukisikia naibu amejiuzulu au naye anabanduliwa, hapo tega sikio.

Kuhusu kura yako ya Malava. Wewe na majirani zako mnaujua uchaguzi mdogo kuliko watu wengi wa Nairobi. Mbunge wenu Malulu Injendi alifariki Februari 2025. Kwa ubunge, Katiba inampa spika siku 21 kuiarifu IEBC kwamba kiti kiko wazi, na kura ipigwe ndani ya siku 90 tangu kiti kibaki wazi. Malava ilingoja hadi 27 Novemba. Sababu si kwamba sheria haikuwepo. IEBC haikuwa na makamishna tangu Januari 2023 hadi wapya walipoapishwa Julai 2025, na bila makamishna hakuna wa kutangaza uchaguzi. Siku hiyo ya Novemba ndipo viti vilivyorundikana nchini vilipopigiwa kura kwa mkupuo, ikiwemo wadi ya Kariobangi Kaskazini hapa Nairobi. Nalitaja hili ili usiamini kwamba siku 60 au 90 za kwenye karatasi ni saa ya ukutani. Zinategemea tume iliyopo na mahakama isiyozuia.

Kuhamisha unaruhusiwa, lakini si wakati huo. Sheria ya Uchaguzi inafunga daftari la eneo husika tangu siku nafasi ya kiti inapotangazwa kuwa wazi hadi siku ya kura. Nia ni kuzuia watu wasisombwe kwa mabasi kuja kujisajili kwa ajili ya kiti kimoja. Kwa hiyo ukingoja hadi gavana aondolewe ndipo ukimbie kuhamisha, umechelewa. Anayetaka kupiga kura Nairobi ahamishe wakati hakuna kiti kinachogombewa. Usajili wa kila siku ulirejea Septemba 2025 katika ofisi za IEBC za maeneo bunge, na utasimamishwa tena uchaguzi mkuu ukikaribia, kwa hiyo usilikalie. Unakwenda mwenyewe na kitambulisho. Hakuna wakala, hakuna malipo. Na kama ulipoteza ile kadi ya kura, usikose usingizi. Siku ya kura utatambuliwa kwa kitambulisho au pasipoti uliyojisajilia, pamoja na alama za vidole.

Ila kabla hujahamisha, fikiri kidogo. Kura ni moja. Ukiileta Nairobi, umeiondoa Malava: mbunge, MCA na gavana wa Kakamega utakuwa huwachagui tena. Mtu mwenye shamba, wazazi na kesi ya mpaka nyumbani ana sababu nzuri ya kuiacha huko. Lakini ada ya kibanda chako, maji ya soko, taa, choo, na kanjo, askari wa kaunti, anayekufukuza kando ya barabara, yote hayo yanaamuliwa na watu ambao sasa huwapigii kura. Uamuzi ni wako. Kwa mtu ambaye riziki yake ya kila siku iko Eastlands, mimi ningeelekea huku.

Na usisahau kwamba hata bila kura ya Nairobi una njia. Gavana, wananchi hatuwezi kumwondoa moja kwa moja; sheria haikutupa kura ya kumrudisha nyumbani. Lakini mkazi yeyote anaweza kupeleka ombi la maandishi kwa bunge la kaunti juu ya jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake. Andikeni wafanyabiashara mkiwa wengi, tieni sahihi na namba za vitambulisho, mpeleke kwa karani wa bunge, mgongewe muhuri kwenye nakala yenu. Na hoja ya kumbandua gavana ikija kweli, wananchi wana haki ya kushirikishwa, na mahakama zimekuwa kali juu ya hilo. Nendeni siku hiyo.

Sasa ile 500. Usilipe. Leseni yako haikutolewa na gavana kutoka mfukoni mwake, ilitolewa na kaunti, na kaunti kisheria ni kama mtu mzima anayeweza kushtaki na kushtakiwa. Matatu ikibadilisha dereva Muthurwa, aliyelipa nauli halipi tena. Leseni inaisha tarehe iliyoandikwa juu yake, awe gavana ni huyu, naibu wake, au spika anayekaimu. Hata Nairobi ilipopita mikononi mwa watu hao wote kati ya Desemba 2020 na Novemba 2021, hakuna sheria iliyozifuta leseni za wafanyabiashara. Ada mpya au usajili mpya lazima uwe kwenye sheria ya fedha ya kaunti, ambayo hupitishwa na bunge la kaunti baada ya umma kuulizwa, na malipo yake hupitia mfumo wa kielektroniki wa kaunti. Unapata bili yenye namba na risiti yenye namba. Daftari la mkono halimo.

Huyo jamaa msigombane naye sokoni. Mwombe tu akuonyeshe bili yenye jina lako, na umwambie utailipa kwa simu kama bili nyingine za kaunti. Piga picha ukurasa wa daftari lake kama unaweza bila vurugu, na andika tarehe. Kama kweli kuna usajili wa vibanda, ofisi ya kaunti ya eneo lenu itakuwa na waraka wenye sahihi na muhuri. Nenda na wenzako wawili watatu muuone kwa macho. Akianza kutishia kufunga vibanda vya wasiolipa, au akija na kanjo, hapo mambo si ya kusoma mtandaoni tena. Nendeni mkaripoti kituo cha polisi mpewe namba ya OB (kitabu cha matukio), kisha mtafute wakili mkiwa na leseni zenu na hizo picha. Kama uwezo wa kumlipa wakili haupo, Kituo cha Sheria hapa Nairobi husaidia watu katika mambo ya namna hii. Nendeni mapema asubuhi, na mbebe leseni zenyewe, si nakala tu.